UZI: Walivyosomea siasa New York miaka ya 1900, na nani walikuwa wamekaa kwenye yale madawati

Chaki Nyeupe

Wakuu, salaam.

Juzi mwanafunzi wangu wa kidato cha sita, HGL (historia, jiografia na lugha), alinifuata ofisi ya walimu na karatasi yake ya kuchagulia vyuo. Akaniuliza, "Mwalimu, hivi siasa nayo watu wanaisomea darasani? Mbona mwenyekiti wetu wa mtaa aliishia la saba na mtaa anauendesha?" Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi nikamwambia aje kesho. Kesho yenyewe imekuwa wiki tatu sasa, maana nilianza kutafuta jibu nikajikuta nimezama New York ya miaka ya 1900, na kutoka imekuwa kazi. Kabla sijamjibu mtoto wa watu, ngoja nimwage humu kwanza mnikosoe.

Mimi mwenyewe nilisomea siasa. Chuo sikitaji. Mhadhiri wetu mmoja aliingia na karatasi zilizogeuka rangi ya chai, anasoma, tunaandika, anakunja, anaondoka. Mtihani ukifika unamrudishia maneno yake vilevile. Desa la kaka yangu nililitumia mimi, na mdogo wangu akaja kulitumia. Kwa hiyo niliposoma jinsi vyuo vingi vya Marekani vilivyokuwa katika karne ya 19, sikushangaa hata kidogo: mwanafunzi anakariri kurasa za kitabu kimoja, anaitwa jina, anasimama, anatema, anawekewa alama.

Aliyekuja kuvuruga utaratibu huo pale chuo cha Columbia, New York, ni John W. Burgess. Huyu alizaliwa Tennessee mwaka 1844, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka akaingia jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini. Mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba usiku mmoja akiwa zamu ya ulinzi, mvua inamnyea, baada ya siku ya kuuana, alijiuliza kama binadamu hawezi kufundishwa kumaliza ugomvi wake kwa akili badala ya risasi. Akaapa kwamba akitoka hai atafanya kazi hiyo. Akatoka hai. Akaenda Ujerumani, akasoma Göttingen, Leipzig na Berlin, na mwaka 1876 akaja Columbia.

Alichokikuta ni kichekesho. Maktaba ilifunguliwa kama saa moja na nusu kwa siku. Mkutubi alikuwa mzee asiyependa kuombwa kitabu, na ukimwambia anunue kipya unakuwa umemuua kabisa. Fedha za vitabu alizopewa kwa mwaka alikuwa anarudisha karibu nusu kwa wadhamini wa chuo, tena kwa fahari, kama mtu aliyeokoa mali ya umma! Burgess akapiga kelele, na miaka michache baadaye akaletwa Melvil Dewey (ndiyo, yule yule wa namba mnazoziona kwenye migongo ya vitabu), mlango ukaanza kuwa wazi kuanzia asubuhi hadi saa nne usiku.

Mwaka 1880 kikaanzishwa kitivo kizima cha sayansi ya siasa. Mfano waliuchukua Paris, kwenye shule huria ya siasa iliyofunguliwa 1872 baada ya Ufaransa kuchapwa na Wajerumani, na namna ya kufundisha wakaichukua kwa hao hao Wajerumani. Miaka sita baadaye wakawa na jarida lao, na lipo mpaka leo.

Naenda kumalizia kusahihisha madaftari, nitarudi.

Bwana Desa

Siti ya mbele kabisa. Halafu mkuu, usiguse jina langu.

Ngalawa ya Pangani

Mkutubi anarudisha hela za vitabu kwa fahari. Kwetu huyo angepewa cheti cha mfanyakazi bora Mei Mosi.

Tiririka mwalimu.

Mama Kurwa

Ila hujasema walikuwa wanasoma NINI. Usitupeleke kwenye maktaba tu. Mtu akisema amesoma siasa mwaka 1906, kichwani ana nini?

Chaki Nyeupe

Mama Kurwa, swali zuri, na ndilo lililonichukua muda.

Ukifika Columbia mwaka 1906 unapanda juu kidogo ya mji, Morningside Heights, walikohamia 1897. Katikati kuna maktaba yenye kuba, ngazi ndefu za mawe mbele yake. Somo letu halikuwa na mambo ya kura za maoni, wala takwimu za wapigakura, wala "nadharia za maendeleo" tulizokaririshwa sisi. Lilikuwa karibu sana na sheria na historia. Katiba za nchi kubwa zinalinganishwa: Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa. Sheria ya utawala, yaani ofisi ya serikali inaundwaje, nani anamwajibisha karani, raia akionewa na ofisa anakwenda wapi. Sheria za mataifa. Kodi na fedha za serikali, kwa E.R.A. Seligman. Historia ya fikra za siasa, tangu Wagiriki, kwa William Dunning.

Aliyetaka shahada ya uzamivu alitakiwa asome Kifaransa na Kijerumani, na si kwa kubahatisha. Kwenye semina mnakaa meza moja, kila mtu ana nyaraka ya asili mbele yake, mkataba au hukumu, mnaichambua neno kwa neno. Hakuna desa hapo. Na tasnifu ukimaliza, ni lazima ichapishwe kiwandani, kitivo kilikuwa na mfululizo wake wa vitabu kwa kazi hiyo tangu 1891. Fikirieni leo mtu aambiwe shahada hupati mpaka tasnifu yako iwe kitabu.

Harvard nako kulikuwa na mtu wao, A. Lawrence Lowell, mwanasheria aliyefundisha somo la awali la serikali kwa umati wa vijana, mpaka akachukuliwa kuwa rais wa chuo kizima mwaka 1909. Na Princeton kulikuwa na Woodrow Wilson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Huyu acha niseme kidogo maana ananichekesha. Kitabu kilichompa jina, cha mwaka 1885, kilihusu jinsi Bunge la Marekani linavyofanya kazi kwelikweli, siyo lilivyoandikwa kwenye karatasi. Alikiandika akiwa mwanafunzi Baltimore. Kutoka Baltimore mpaka Washington ni kama kilomita 60, treni zipo, na hakwenda kulitazama hilo Bunge hata mara moja wakati anakiandika! Na kitabu kikawa kizuri tu. Johns Hopkins, chuo chake cha hapo Baltimore, wakakikubali kuwa tasnifu yake, 1886, na mpaka leo hakuna rais mwingine wa Marekani mwenye shahada ya uzamivu.

Mwisho wa mwaka 1903 walimu wa somo hili wakakutana New Orleans, wakaunda chama chao cha taaluma. Mwenyekiti wa kwanza akawa Frank Goodnow wa Columbia. Mshikeni huyo Goodnow vizuri, nitamrudia, maana ana kisa chake.

Kijiwe Nongwa

Mkuu nondo umeshusha ila bado sioni mantiki. Wazungu wamesomea namna ya kutawala nchi zao, safi, wametawala. Sisi kinatuhusu nini mpaka uzi uwe mrefu hivi?

Chaki Nyeupe

Kijiwe, tulia. Ndiyo naingia hapo sasa.

Burgess niliyemsifia hapo juu, kijana wa lindo aliyetaka watu waelewane kwa akili, ndiye aliyetoa kitabu kikubwa cha majuzuu mawili, 1890, kuhusu siasa na ulinganishi wa katiba. Humo anafundisha kwamba kipaji cha kujenga dola ni cha mataifa ya Kijerumani na ndugu zao Waingereza na Wamarekani weupe. Wengine wanaweza dini, wanaweza sanaa, lakini dola hapana. Na kwa kuwa ni hivyo, mwenye kipaji ana haki, bali ana wajibu, wa kumtawala asiye nacho. Hilo halikuwa neno la pembeni la mlevi. Lilikuwa somo, lenye jedwali na tanbihi, na ulitahiniwa.

Dunning, yule wa fikra za siasa, alikuwa na kundi zima la wanafunzi wa uzamivu, wengi kutoka Kusini, walioandika jimbo baada ya jimbo kuonyesha kwamba kuwapa watumwa walioachwa huru haki ya kura baada ya 1865 lilikuwa kosa. Majimbo ya Kusini wakati huohuo yalikuwa yanawanyang'anya watu weusi kura hiyo kwa mitihani ya kusoma na kodi ya kichwa. Sasa chuo kikubwa kinawapa sababu zilizoandikwa vizuri.

Haya. Sasa tazameni nani wamekaa kwenye uwanja uleule.

Tarehe 5 Aprili 1906 kulikuwa na shindano la hotuba pale Columbia, zawadi ni medali. Akasimama Pixley ka Isaka Seme, Mzulu wa Inanda, Natal, Afrika Kusini, anamaliza shahada ya kwanza. Akaanza kwa kusema yeye ni Mwafrika, na fahari ya rangi yake anaiweka mbele ya dunia inayomchukia. Akawapeleka Misri kwenye mapiramidi, akawapeleka Ethiopia, akawaambia jitu lililolala linaamka. Medali ya kwanza akaichukua yeye. Toka hapo akaenda Oxford, akawa wakili, akarudi kwao, na tarehe 8 Januari 1912 pale Bloemfontein ndiye aliyekuwa mbele kuwaita watu waunde chama kilichokuja kuitwa ANC. (Uzeeni alikiongoza chama hicho vibaya, miaka ya 1930, kikadorora. Nasema ili msije mkaniambia namchora malaika.)

Mwaka mmoja kabla ya hotuba ile alikuwa ameingia Mchina mmoja, Gu Weijun, Wazungu wakamwita Wellington Koo. Huyu alikuwa moto: mdahalo yumo, gazeti la wanafunzi akalihariri yeye. Akabaki kusomea sheria za mataifa kwa John Bassett Moore, uzamivu akaumaliza 1912 kwa haraka haraka maana Peking walikuwa wanamwita kazini. Tasnifu yake ilihusu hadhi ya wageni ndani ya China. Mnaelewa maana yake? Wageni nchini kwake walikuwa hawashtakiwi kwenye mahakama za Kichina, kwa mikataba waliyolazimishwa. Yeye akakaa kwenye maktaba ya New York kuisoma mikataba hiyo kifungu kwa kifungu, kwa lugha ya waliomfunga. Mwaka 1919, kwenye mkutano wa amani wa Paris baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ana miaka kama 31, akasimama mbele ya wakubwa wa dunia kudai jimbo la Shandong lirudi kwa Wachina lisipewe Japani. Hawakumsikiliza, na ujumbe wa China ukakataa kutia saini mkataba wa Versailles.

Halafu 1913 akaja Ambedkar.

Ngalawa ya Pangani

Subiri subiri. Ambedkar yule wa katiba ya India? Alisoma na hao akina Burgess??

Chaki Nyeupe

Yeye mwenyewe, B.R. Ambedkar. Burgess alikuwa ameshastaafu mwaka mmoja nyuma, 1912, lakini kitivo kilikuwa kilekile alichokijenga.

Mtu wa tabaka lisilogusika. Shuleni kwao utotoni alikaa chini kwenye gunia analokuja nalo kutoka nyumbani, na maji hagusi mpaka mtu wa tabaka lingine ammiminie kutoka juu. Mtumishi wa shule asipokuwepo, siku hiyo hanywi. Akapata ufadhili wa mtawala wa Baroda, huko huko India, pauni 11 na nusu kwa mwezi kwa miaka mitatu, akavuka bahari. New York hakuna aliyemuuliza tabaka. Akasoma kama mtu mwenye njaa: uchumi zaidi ya yote, historia, sosholojia, falsafa kwa John Dewey, siasa kidogo. Uzamili 1915. Mei 1916 akasoma kwenye semina ya anthropolojia mada yake kuhusu jinsi matabaka ya India yalivyoanza na yanavyojizalisha kupitia ndoa. Akaenda London, halafu fedha zikaisha akaitwa nyumbani 1917. Vitabu vyake alivipakia kwenye meli nyingine, nyambizi ya Wajerumani ikaizamisha.

Sasa Kijiwe, rudi kwenye swali lako. Mtu aliyeambiwa na dini ya kwao kwamba yeye ni uchafu, alisoma kwenye kitivo ambacho mwasisi wake alifundisha kwamba watu wa rangi yake hawana kipaji cha dola. Miaka 30 baadaye ndiye mwenyekiti wa kamati iliyoandaa katiba ya nchi ya mamia ya milioni ya watu, ikapitishwa 26 Novemba 1949.

Ninachokiona mimi ni kwamba yale madarasa yalikuwa na vitu viwili ndani ya chungu kimoja. Kulikuwa na majigambo ya rangi, na kulikuwa na ufundi: jinsi ya kusoma mkataba, jinsi bajeti inavyojengwa, jinsi ofisi inavyobanwa isile watu. Wenyeji walikula vyote pamoja. Hawa wageni watatu walichambua kama mchele.

Mtani wa Mlandege

Naomba nipingane kidogo, mwalimu. Mnamhukumu Burgess kwa macho ya leo. Mwaka 1890 KILA mtu aliyesoma aliamini hivyo. Ukimtoa mtu kwenye zama zake unamwonea. Babu zetu nao walikuwa na mambo yao ambayo tukiyaandika humu mods watafuta uzi.

Chaki Nyeupe

Mtani, hoja hiyo nimeisikia sana na zamani nilikuwa naitumia. Ila "kila mtu" unayemsema ni nani? Seme alikuwa ni mtu, na alikuwa palepale, akasema kinyume chake na chuo hichohicho kikampa medali.

Na kuna W.E.B. Du Bois. Alisoma Harvard, akasoma Berlin kama Burgess, uzamivu 1895. Desemba 1909 wanahistoria wa Marekani walikutana New York, akasimama kusoma mada kwamba miaka ile ya watu weusi kupiga kura iliacha mema: shule za umma, katiba bora za majimbo. Dunning alikuwepo ukumbini. Alimsikiliza, tena akaisema vizuri mada ile. Ikachapishwa kwenye jarida lao Julai 1910. Du Bois akaomba kitu kimoja kidogo: lile neno la kuwataja watu weusi liandikwe kwa herufi kubwa kama yanavyoandikwa majina ya mataifa mengine. Mhariri akakataa.

Basi. Mada wakaisikia, wakaichapisha, halafu vitabu vya shule vikaendelea kufundisha ya Dunning kwa miaka mingine mingi. Kwa hiyo walielezwa mapema, wakiwa zama zao hizohizo.

Mtani wa Mlandege

Hapo kwenye herufi kubwa umenikamata. Naikubali nusu.

Mama Kurwa

Mtani kukubali nusu ni kama kukubali yote, tunakufahamu.

Mwalimu, yule Goodnow uliyesema tumshike, mkono umechoka.

Chaki Nyeupe

Hahaa, samahani Mama Kurwa.

Goodnow alikuwa bingwa wa sheria ya utawala. Ndiye aliyewafundisha Wamarekani kutenganisha mambo mawili: kuna kuamua serikali inataka nini, hiyo ndiyo siasa, na kuna kutekeleza, huo ni utawala. Kitabu chake cha mwaka 1900 kinasema hivyo, na mpaka leo ukisoma utawala wa umma chuo chochote hapa kwetu, wiki ya pili unakutana na hoja hiyo hata kama jina lake hawakutajii.

China ikawa jamhuri 1912. Rais wake, Jenerali Yuan Shikai, akahitaji mtaalamu wa katiba, akapelekewa Goodnow, 1913. Mtu amefika, amekaa, akarudi Marekani mwaka 1914 kuwa rais wa chuo cha Johns Hopkins. Kiangazi cha 1915 akapita tena Peking, akaombwa aandike maoni: jamhuri na ufalme, upi unaifaa China? Akaandika kwamba kwa nchi yenye historia ile, na watu wasiozoea kujitawala, ufalme unafaa zaidi. Aliweka masharti, kwamba watu na mataifa ya nje wasiupinge, na suala la mrithi liwe wazi. Masharti nani ana habari nayo! Watu wa Yuan wakaibeba karatasi ile kama vile wameshushiwa kutoka mbinguni: profesa mkubwa wa Amerika, nchi ya jamhuri, anasema tuwe na mfalme.

Desemba 1915 Yuan akakubali kuwa mfalme. Majimbo ya kusini yakaasi, yakianza na Yunnan. Machi 1916 akauvua ufalme wenyewe, ulidumu siku 83. Juni akafa. Baada yake nchi ikagawanywa na wababe wa vita kwa miaka zaidi ya kumi.

Ninachokaa nacho usiku ni hiki: yule Koo, kijana wa kitivo cha Goodnow, alikuwa anafanya kazi kwenye serikali hiyohiyo. Mtu aliyesoma kwao, anaijua nchi, lugha ni yake. Na karatasi iliyobebwa ikawa ya mgeni wa miezi.

Kijiwe Nongwa

Sasa hapo nimekuelewa. Mshauri mwelekezi. Wanakuja mpaka leo, na kompyuta mpakato, wanakaa hoteli wiki mbili, ripoti kurasa 200.

Bwana Desa

Kwa hiyo kumbe siasa si sayansi. Bingwa namba moja wa somo, mwenyekiti wa kwanza wa chama chao, amekosea mtihani wa swali moja.

Ngalawa ya Pangani

Daktari akikosea dawa huwa tunasema udaktari si sayansi?

Bwana Desa

Daktari haui nchi nzima Ngalawa.

Chaki Nyeupe

Mzozo huo walikuwa nao wenyewe. Palepale Columbia kulikuwa na kijana Charles Beard, amefundisha tangu 1904, ambaye alichoka na hadithi za katiba kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni. Akaenda Washington kwenye madaftari ya zamani ya Hazina, yaliyokaa na vumbi lake zaidi ya miaka 100, akatafuta walioandika katiba ya Marekani mwaka 1787 walikuwa wanamiliki nini. Akakuta wengi wana hati za madeni ya serikali ambazo zingepanda thamani katiba mpya ikipita. Kitabu akakitoa 1913. Matusi aliyopata si ya kuandika humu. Wanahistoria wa baadaye walimkosoa sana kwenye hesabu zake, na walikuwa na haki kwa mengi, lakini swali lake, "huyu aliyeandika kifungu hiki alikuwa na shamba gani?", nimelibeba mpaka darasani kwangu.

Marekani ilipoingia vitani 1917, rais wa chuo Nicholas Murray Butler hakutaka kusikia sauti ya kupinga. Walimu wawili wakafukuzwa, Cattell na Dana. Beard alikuwa anaiunga mkono vita. Msimamo wake na wa waliofukuzwa ulikuwa tofauti. Oktoba mwaka huo akaingia darasani, akafundisha, mwisho akawaambia wanafunzi kwamba hicho ndicho kipindi chake cha mwisho, anaacha kazi. Mshahara mzuri, umri miaka 42, anaondoka kwa ajili ya watu ambao hakubaliani nao.

Shangazi wa Dunda

Nimekuwa nasoma kimyakimya tangu juzi. Mwalimu umetupeleka New York vizuri ila umesahau nyumbani. Wakati hao wanakaa meza ya semina, Berlin kulikuwa na chuo cha lugha za mashariki, kimefunguliwa 1887, ambako maofisa wa kuja kutawala huku kwetu walipita kujifunza Kiswahili. Na waliowafundisha kutamka walikuwa watu wa pwani. Mmoja ni wa kijijini kwetu, Dunda, hapo karibu na Bagamoyo: Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alifundisha kuanzia 1900. Ndiye aliyeandika habari za desturi za Waswahili zilizotolewa 1903 na Velten, harusi, unyago, madeni, uganga, yote.

Sasa chukua kipimo chako cha mchele. Huyu hakuwa mwanafunzi, alikuwa mwalimu. Bwana shauri wa kesho anakaa mbele yake anajifunza kusema "njoo hapa". Baadhi ya wanafunzi hao wakamdharau darasani kwa rangi yake, akalalamika, haikusaidia, akaacha. Alikuwa ameoa Mjerumani, Bertha. Mwaka 1905 wakapanda meli wote kurudi. Wamefika pwani yetu, anaiona nchi kwa macho, serikali ya koloni ikakataa asishuke na mke wake mweupe. Wakarudishwa Ujerumani na baadaye akafanya kazi Hamburg na profesa Meinhof. Akafa Berlin 1927. Dunda hakuirudia.

Mama Kurwa

Shangazi umenikata maini. Meli iko bandarini, harufu ya nazi inamjia.

Chaki Nyeupe

Shangazi, shikamoo. Hilo lilinipita kabisa na nakushukuru. Yule wa New York alifundishwa kwamba hawezi kujitawala, akapewa cheti. Wa Dunda alifundisha watawala, akakatazwa ngazi ya meli.

Na umenikumbusha kitu cha Kiswahili. Ralph Bunche, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata uzamivu wa sayansi ya siasa nchini kwao, Harvard 1934, ndiye aliyejenga idara ya somo hili chuo cha Howard. Mwaka 1937 alikuwa London akijiandaa kuja Afrika Mashariki, akatafuta mtu wa kumfundisha Kiswahili. Mwalimu aliyempata alikuwa Jomo Kenyatta, mwanafunzi naye wakati huo, hana hela, anasoma anthropolojia. Na miaka 50 baada ya ule mkutano wa New Orleans, chama kile cha akina Goodnow kilimpa Bunche uenyekiti.

Kijiwe Nongwa

Kenyatta anafundisha Kiswahili cha tuisheni London. Alikuwa anatoza ngapi kwa saa?

Ngalawa ya Pangani

Kijiwe wewe utaulizia bei mpaka peponi.

Bwana Desa

Mwalimu, na yule kijana wa HGL? Ulimjibu?

Chaki Nyeupe

Leo asubuhi. Nilimwita nikamsimulia ya Koo na ile tasnifu ya wageni, kipindi kizima, mpaka kengele ikalia. Akanisikiliza kwa adabu zote. Mwisho akasema, "Mwalimu, mimi nilishajaza tangu wiki iliyopita."

Chaguo la kwanza uhasibu. Siasa kaiweka la tatu.